Mabingwa wa Dunia Hawachezi Kwenye Mchanga wa Barani

Leo nimejivua nguo mbele ya watu (kwa maneno tu, msiogope). Lakini kabla sijaeleza ilikuwaje, nikiri jambo nililolikana miaka kumi na saba: mimi ni mpenzi wa mpira.

Niliwahi kuandika makala nzima nikiwacheka watu wazima wanaopigia mayowe ngozi iliyojaa upepo. Jioni ile ile nikajifungia jikoni na simu, sauti nimeizima, nikaipigia ngozi hiyo hiyo mayowe ya kunong'ona.

Tena si kuangalia tu. Nina nadharia! Timu ikitwaa kombe la dunia, haichukui kombe peke yake. Inachukua na akili za makocha wote. Mabingwa wakishinda kwa kukaa nyuma na kushtukiza, kila nchi inakaa nyuma. Wakishinda kwa pasi fupi kuanzia kwa kipa, basi hata visiwa vyenye watu wachache kuliko Kilifi mjini vinapasiana mbele ya goli lao wenyewe mpaka roho inakupanda. (Chuo kikuu nilisomea fasihi. Nadharia hii hakuna aliyeniomba.)

Sasa. Mavyaa wangu, mama wa mume wangu Baba Sidi, alikuja kijijini kwetu Barani mwezi wa tano kutibiwa macho. Macho yakapona, hakuondoka, nami sikutaka aondoke. Nampenda yule mama kuliko ninavyompenda mwanawe (siku nyingine, si zote). Lakini wifi yangu Kadzo, anayekaa Vitengeni, alimtaka mama arudi kwao. Tumevutana kwa simu wiki tatu.

Kikundi chetu cha akina mama hucheza mpira na kikundi cha Vitengeni kila mwaka, mshindi anaondoka na mbuzi. Juzi Kadzo akanipigia.

"Wifi, hata mkishindwa, mbuzi bakini naye. Sisi tukishinda, mimi namchukua mama."

"Na tukishinda sisi?"

"Anakaa kwako mpaka mwaka mpya. Sitafungua mdomo."

Nikakubali. Mama mwenyewe hatukumuuliza. (Najua. Najua.)

Saa kumi jioni mechi ikaanza. Kipa wetu ni Bi Mwanaisha, muuza mahamri, mwanamke mwenye mguu mzito. Kila mpira ukimfikia, anabutua. Mmoja ulipaa, ukakaa huko juu, ukaamua kumshukia Mbeyu, mshambuliaji wetu. Goli! Tukaenda mapumziko moja bila.

Mtu mwenye akili angekula nanasi lake akanyamaza. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Akina mama, tunashinda kishamba."

"Kishamba vipi?" Mbeyu akauliza.

"Mabingwa wa dunia hawabutui. Kipa anampa beki, beki anamrudishia kipa, taratibu, mpaka adui anachoka."

"Kipa anacheza kwa miguu?" Bi Mwanaisha akaniangalia. "Na hii mikono Mungu kanipa ya nini? Ya kupigia makofi?"

"Dunia nzima sasa inacheza hivyo."

"Mama Sidi, haya umeyajulia wapi?"

"Nimesoma mahali."

Walinikubalia kwa sababu nina digrii. Hilo litaniuma mpaka kufa.

Uwanja wa mabingwa ni zulia la majani linalonyunyiziwa maji. Wetu ni mchanga, ule wa kumeza kiatu. Hili jambo dogo nadharia yangu haikuligusa. Kipindi cha pili kikaanza, Bi Mwanaisha akanipa pasi ya kwanza. Mimi ndiye beki. Mpira ukaja hatua tatu, ukazama, ukatulia kama kuku anayeatamia. Kadzo, mshambuliaji wao, alikuwa kando yake. Moja moja.

"Ahsante, wifi!"

"Tuendelee!" nikapiga kelele. "Mabingwa hawatishiki!"

Ajabu ni kwamba wale wa Vitengeni hawakuwa wakikimbia. Walisimama tu karibu na goli letu kama watu wanaosubiri sinia la pilau.

Zikabaki dakika mbili. Mpira uko kwangu, Kadzo ananijia.

"Butua, Mama Sidi!" Mbeyu analia kutoka mbele. "Butuaaa!"

Nikakataa. Nilishapiga hesabu ya mchanga: safari hii naupiga kwa nguvu usizame. Nikageuka kwa madaha, nikamrudishia kipa bila kutazama (mabingwa hawatazami).

Sasa, sisi huvaa leso juu ya suruali, maana wakwe wako pale wanaangalia. Na leso ikilegea, dunia inasimama mpaka ifungwe. Bi Mwanaisha alikuwa ametupa mgongo, pindo moja kalibana kwa meno, anajifunga upya. Mpira ukampita kwa adabu kabisa, ukaingia golini.

Vigelegele vya Vitengeni vikamgeuza.

"Nani huyo katufunga?"

"Mimi, dada."

"Wewe si wetu?"

Mechi ikaisha mbili moja. Kadzo akanizunguka akicheza. "Wifi, kwa pasi ile, mabingwa watakuita!" Akaondoka kwenda nyumbani kwangu kumchukua mama.

Nikakaa chini kando ya mlingoti wa goli. Nikaiona nyumba yangu ya kesho asubuhi, hakuna wa kuniuliza nimelalaje. Machozi yakanilenga. Simu ikalia. Mavyaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia umejifunga."

"Nisamehe, mama. Tumekushindania kama mbuzi, wala hatukukuuliza."

"Nilijua tangu juzi mlipopigiana simu." Akacheka. "Nisikilize. Jana mimi ndiye niliyempigia Kadzo. Nikamwambia, msihangaike kukimbia, simameni golini kwao tu. Mama Sidi atawaambia wenziwe wapasiane nyuma."

"Umejuaje?"

"Miezi mitano nakusikia huko jikoni. 'Tulia. Rudisha kwa kipa. Tulia.' Mwanzo nilidhani unasali. Halafu macho yakapona."

"Baba Sidi anajua?"

"Mwanangu, Barani nzima inajua."

"Kwani hukupenda kukaa na mimi, mama?"

"Nimependa mno. Ndiyo maana kuaga kulinishinda. Kila nikitaka kusema, unaniletea chai. Na mihogo yangu kule inaliwa na ngedere. Nikaona heri ushindwe uwanjani, usije ukasema nimekukimbia." Nikasikia hodi ya Kadzo mlangoni. "Huyo kafika. Krismasi mje nyote Vitengeni. Na usilie hapo uwanjani, watu watadhani ni kwa sababu ya mpira."