Pumzi ya Paka wa Mama Mkwe

Redio ya muuza kahawa ilikuwa imetangaza asubuhi hiyo kwamba madaktari wa wanyama siku hizi humkandamiza kifua na kumpulizia pumzi mbwa au paka aliyezimia, kama anavyofanyiwa binadamu. Kinyozi hakungoja hata kikombe chake kijae.

"Dunia imekwisha. Mimi nikianguka hapa mtasema nimelewa, paka akianguka anapigwa busu."

"Na hizo ndevu, nani akubusu?" akasema Soli, fundi viatu wetu, bila kuinua macho kwenye kiatu chake.

Tulicheka wote isipokuwa King'ora. Huyu ameendesha gari la wagonjwa miaka ishirini na sita, na si mtu wa kunyamaza.

"Jana nimefanya," akasema.

"Umefanya nini?"

"Nimempulizia paka."

Kinyozi akaweka kikombe chini. "Paka wa nani?"

"Wa mama mkwe."

Benchi zima likamsogelea. Mama mkwe anaishi kwake, na huu ulikuwa mwezi wa tatu hamsemeshi, kisa King'ora alimrushia yule paka kandambili kwa kuiba samaki.

"Alitumbukia kwenye pipa la maji," King'ora akasema. "Nimemtoa kalegea kama tambara la deki. Hapumui, moyo kimya. Mama kakaa sakafuni, analia tu. Nikajua huyu akifa, nitaambiwa nimemsukuma mimi."

"Na ungeambiwa," Soli akakubali.

"Nikamlaza ubavu. Paka humkandamizi kwa viganja viwili, utamvunja. Unamshika kifua kwa mkono mmoja, gumba huku, vidole kule, unabana haraka haraka. Thelathini, halafu unamfumba mdomo, unampulizia puani mara mbili."

"Puani," Kinyozi akarudia, akijifuta midomo yake mwenyewe.

"Raundi ya nne, bado. Ya sita, akakohoa. Akanikwaruza hapa shavuni."

"Shukrani ya punda mateke," Soli akasema, "ya paka ndiyo hiyo."

"Na mama?" nikauliza.

"Kamzungushia taulo, kamkumbatia. Halafu akanitazama, akasema, 'Baba, niambie kweli. Kabla ya kumpulizia mwanangu, ulipiga mswaki?'"

"Ulikuwa umepiga?"

King'ora akatazama ndani ya kikombe.

"Nimemwitikia, 'Ndiyo, mama.' Kwa furaha ya kusemeshwa, ningeitikia lolote."