Koti la Kamusi

Jumatatu, 3 Machi

Nimekubaliwa na vyuo viwili ng'ambo. Kimoja nchi ya theluji, kingine kisiwani. Natakiwa kuthibitisha kimoja kabla ya Ijumaa, saa sita mchana. Mama kasema nisome masomo yao, nilinganishe. Masomo ya nini? Kamusi, mwenzangu wa darasani tuliyempa jina hilo kwa kujua kila kitu, naye kakubaliwa kote kuwili. Tangu darasa la tano nakaa nyuma ya kisogo chake, na mitihani yote nimepita. Aendako ndiko niendako. Kumwuliza ana kwa ana siwezi. Nina heshima zangu.

Jumanne, 4 Machi

Mtego. Nimemwambia Kamusi mimi ni theluji, nimeshaamua. Nilitaka tu kuuona uso wake. Akanipa hongera. Hongera ya namna gani hiyo?

Jumatano, 5 Machi

Nimeng'oa kifungo cha shati makusudi, nikalipeleka kwa fundi cherehani. Hapo ukutani, koti zito lenye bitana nene. Nikauliza la nani. Fundi akasema ni la Kamusi, kaagiza jana na analitaka haraka. Moyo ukatulia. Mabega ni mapana mno kwa mwembamba kama yule. Labda anatarajia kunenepa. Huyo hupanga mambo mapema.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tano na dakika hamsini, kwenye kompyuta ya duka la vitabu, nikabonyeza theluji. Basi, imethibitishwa. Dada kauliza nakwenda kusomea nini. Nimemwambia asinichanganye.

Jumamosi, 8 Machi

Kamusi kaja na furushi. Koti! Eti zawadi ya kuniaga. Vipimo vyangu fundi anavyo tangu enzi za sare za shule. Limenikaa sawasawa. Yeye anakwenda kisiwani. Alithibitisha Jumanne ile ile, dakika kumi baada ya kuachana nami. Sijawahi kumwona na furaha vile. Dada kacheka mpaka kakaa chini. Mimi naogopa. Miaka minne peke yangu, na mbele yangu kisogo cha mtu nisiyemjua.

Jumapili, 9 Machi

Mama kaja kukaa kitandani kwangu. Kasema kwa upole kwamba huenda umefika wakati wa kusimama kwa miguu yangu mwenyewe. Kweli kabisa. Machozi yakanilenga. Nikamwahidi kuwa kuanzia leo ataona mtu mpya.

Sikungoja. Nimekaa mezani mchana kutwa, nikaandika barua kwa chuo cha kisiwani, kuomba wanirudishie nafasi yangu. Kurasa mbili. Sikumwuliza mtu hata neno moja. Najisikia mwepesi.

Kesho asubuhi nampelekea Kamusi anisahihishie.