Kutoka Ukumbi Mkuu hadi Chumba cha Viatu

Jumapili, tarehe 1 Oktoba 2000

Swali linalonisumbua kwa muda mrefu ni hili: muziki hufa kwa sababu masikio ya watu yameuchoka, au kwa sababu kuna mtu aliyeuhamishia chumba kidogo? Nimelitafakari kwa utulivu. Nimelitafakari pia nikiwa na hasira. Majibu hayalingani.

Ushahidi nilio nao. Miaka mitatu iliyopita, katika karamu za reivu, dansi za muziki wa mashine, za upande huu wa Wisconsin, hadikoo ya furaha, muziki ninaoupiga mimi, ilipigwa ukumbi mkuu. Ngoma za mbio, kinanda cha kung'aa, sauti za wanawake zilizoharakishwa mpaka zikawa za watoto. Watu wazima wenye mabegi ya manyoya ya sura ya dubu walirukaruka mpaka dari likatoa jasho. Mwaka uliofuata tukapewa ukumbi wa pili. Mwezi Aprili uliopita, korido ya kuelekea chooni. Sikulalamika. Kila mtu hupita chooni.

Leo Dale Kosciuk, mwandaaji wetu, amepiga simu. Karamu ijayo ni Jumamosi ya tarehe 14, katika ukumbi wa Bi Sorensen wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Itaanza saa nane mchana, kwa kuwa baraza la mji limepiga marufuku dansi za usiku. Mimi nitapiga santuri zangu katika chumba cha viatu. Nikauliza, chumba gani? Akasema kile wanachokodishia viatu, kina dirisha zuri tu. Kisha akaongeza, kwa upole ambao sijamsamehe, kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Watu wasipojitokeza, hadikoo inatoka kwenye vipeperushi vyake moja kwa moja.

Nilikubali kwa heshima. Nilipokata simu nilipiga teke pipa la nguo chafu la Busia, ndivyo ninavyomwita bibi yangu kwa Kipolandi, ambaye ninaishi kwake tangu nianze shahada ya uzamivu ya falsafa. Busia alikuwa amehifadhi humo pasi yake ya zamani. Kidole gumba kimevimba.

Ukumbi mkuu amepewa Trent Halvorsen. Miaka miwili iliyopita begi la dubu la Trent lilikuwa kubwa kuliko langu. Sasa anavaa shati jeusi, anapiga transi, muziki wa taratibu usiofika popote, na anauita safari.

Jumanne, tarehe 3 Oktoba

Nina mpango. Ni mpango wa kistaarabu.

Kwetu watu wa reivu bangili ya shanga hainunuliwi, hupeanwa. Vidole viwili kwa vidole viwili, hiyo ni amani. Mikono miwili ikiunda moyo, upendo. Kiganja kwa kiganja, umoja. Vidole vikifungamana, heshima. Na hapo bangili huteleza kutoka mkono wangu kwenda wako. Hakuna anayeikataa. Hata walinzi wa mlangoni, wenye shingo kama magogo, hawaikatai. Na mtu akishaivaa hawezi kukugeuzia mgongo unapozungumza. Angalau ndivyo ninavyoamini; sijaona imeandikwa popote.

Alhamisi Dale atakwenda kukagua ukumbi. Nitampa bangili mbele ya watu, kisha nitamwomba saa moja katika ukumbi mkuu. Atakuwa amefungika.

Nimetunga bangili ya safu nyingi, kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko. Busia aliuliza kama ni rozari. Nilipomweleza, alisema anaujua muziki wangu vizuri, anausikia kupitia dari kila siku, na kwa maoni yake ni polka iliyofukuzwa na mbwa. Yeye hucheza polka, dansi ya wazee ya kurukaruka kwa kodiani, kila Jumapili katika ukumbi wa parokia. Sikubishana.

Lastiki yangu iliisha. Nilichukua nyingine katika droo yake ya kushonea. Iko nyingi, ya tangu enzi za marehemu babu.

Alhamisi, tarehe 5 Oktoba

Lastiki ya tangu enzi za marehemu babu haivutiki. Hilo nimelithibitisha.

Amani ilikwenda vizuri. Upendo pia. Kwenye umoja Dale alianza kuangalia saa. Tulipofika heshima nilivuta bangili, nayo ikakatika, na shanga zote zikamwagika kwenye sakafu ya kutelezea, ambayo wakati huo ilikuwa na watoto waliokuja kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mwenzao. Walianguka mmoja baada ya mwingine, wakicheka sana, kwa hiyo nilidhani hasara si kubwa. Halafu akaanguka Bi Sorensen mwenyewe, ambaye hakucheka.

Dale alisubiri kelele zipungue. "Profesa," alisema, "leo umewatikisa watu wengi kuliko muziki wako mwaka mzima."

Trent alikuwepo, amekuja kupima mwangwi wa ukumbi. Aliokota ushanga mmoja, akauweka kiganjani mwangu, akanifunga vidole. "Shika, Bernie. Amani."

Nilifagia mpaka jioni chini ya uangalizi. Bi Sorensen alisema nikiacha hata mmoja nitamjua. Nina hakika niliacha.

Jumamosi, tarehe 7 Oktoba

Nilikwenda duka la santuri ambako Trent anauza. Kasha la hadikoo limeshushwa chini ya meza, ubavuni mwa nyimbo za Krismasi. Nikalipandisha mezani. Trent akalishusha. Nikalipandisha. Akauliza kama kuna kitu maalumu ninachotafuta. Nikasema haki. Akasema hiyo hawana, ila anaweza kuiagiza. Lazima nikiri kwamba lilikuwa jibu zuri.

Kisha akaniomba msaada, na hapo nilikaribia kuangusha kasha.

Anataka kuingia kwa fahari. Muziki uanze wenyewe, ukumbi ujae moshi wa mashine, asionekane mtu mezani. Yeye atokee mlango wa mbele akiwa amevaa joho jeupe na viatu vya magurudumu, akizunguka polepole katikati ya watu kama malaika. Kwa hiyo anahitaji mtu wa kujificha nyuma ya moshi na kuunganisha santuri zake hadi atakapofika. Alisema amenichagua mimi kwa sababu mkono wangu ukibadilisha santuri hakuna anayesikia kiungo.

Sijawahi kusifiwa na kutukanwa katika sentensi moja namna ile. Nilimwambia nitafikiri. Nilifikiri mpaka mlangoni, nikarudi nikakubali.

Jumatatu, tarehe 9 Oktoba

Sikulala vizuri kwa furaha. Ni mpango bora kuliko wa kwanza, kwa kuwa hauna lastiki.

Kila mashine ya santuri ina kitelezi cha kasi pembeni. Ukikisogeza kwa unywele mmoja kila baada ya muda, mchezaji hasikii tofauti. Miguu yake inafuata tu. Nitaanza na transi ya Trent. Nitaisukuma hadi mwisho wa kitelezi. Hadikoo nitairudisha nyuma hadi mwisho wa upande wa pili. Bado hazitakutana, kati yao kuna pengo, na pengo hilo nitalijaza kwa santuri zangu ngumu za Kijerumani ambazo hakuna aliyezitaka hata zilipokuwa mpya. Watu wataingia safarini na Trent, nami nitawafikisha nyumbani.

Kuna kikwazo kimoja: Trent akiwasili mezani, kila kitu kinakwisha. Nimelipima swali la uadilifu. Je, ni udanganyifu? Kwa kiasi fulani. Lakini anayetembeza muziki wa mwenzake kutoka chumba hadi chumba mpaka akaufikisha kwenye viatu, naye amefanya nini? Sina hakika kama hoja hii inasimama. Nitaitumia hivyo hivyo.

Dale alipiga simu kuuliza nani atakaa chumba cha viatu ikiwa mimi niko nyuma ya moshi. Nilisema nitaacha kaseti ikilia. Akasema, sawa, hakuna atakayejua. Nimeliweka neno hilo moyoni.

Jumamosi, tarehe 14 Oktoba

Naandika kabla sijavua viatu.

Watu walijaa tangu saa tisa. Jua lilipenya kila dirisha; wote walivaa miwani myeusi ndani ya nyumba na kujifanya hawaoni ni mchana. Moshi ukatoka. Nikaanza taratibu, kwa nidhamu, kama tulivyokubaliana. Trent akatokea mlangoni na joho lake. Nilimwona kwa kuwa watu walipiga mayowe. Alizunguka robo ya ukumbi kwa madaha. Kisha joho likapaa juu, miguu ikafuata, na Trent akatoweka.

Baadaye niliambiwa ulikuwa ushanga wa kijani.

Walimpeleka ofisini kwa Bi Sorensen, wakamwekea barafu kwenye kifundo. Waliomwona akianguka walidhani ni sehemu ya onyesho. Waliokuwa mbali walidhani amekwisha fika mezani. Nikabaki peke yangu na kitelezi.

Ningeweza kusubiri. Sikusubiri.

Nilisogeza. Nikasogeza tena. Wajerumani wangu wakapita bila kuulizwa kitambulisho. Msichana mmoja mbele yangu alivua koti bila kujua kwa nini anasikia joto. Mabega yaliyokuwa yakiyumba yakaanza kudunda. Halafu nikaingiza kinanda. Nilisubiri wanizomee. Badala yake ukumbi mzima uliinuka kwa pamoja, mikono juu, na mlinzi mmoja mwenye shingo ya gogo akaimba ile sauti ya kitoto neno kwa neno, amefumba macho. Alikuwa anaijua. Wote walikuwa wanaijua. Nimesimama katika vyumba vingi vidogo, lakini sijasahau kwamba chumba kikubwa kinasikika hivi.

Nilikuwa nimeinama chini ya meza kutafuta santuri ya mwisho pale Bi Sorensen alipozima mashine ya moshi, akihofia king'ora cha moto. Nilisikia jina likiitwa. Halikuwa langu. Nilipoinua kichwa, Trent, aliyechechemea kutoka ofisini, alikuwa amesimama juu yangu kwa mguu mmoja, joho limechafuka, mkono mmoja hewani.

"Usisimame," alisema bila kusogeza midomo. "Bernie, nakuomba, usisimame."

Nilisimama. Dale akanipa kebo niikunje.

Jumapili, tarehe 15 Oktoba

Dale amepiga simu akiwa na furaha isiyo ya kawaida. Amesema Trent amevumbua kitu kipya, na kinaitwa transi ya mbio. Nilimwambia kinaitwa hadikoo ya furaha, kilivumbuliwa zamani, na jana nilikipiga mimi.

"Profesa," alisema, "usimwonee mwenzako wivu. Mtu kavunjika mguu na bado kapiga."

Nikasema mguu haukuvunjika. Akasema unaona, umeanza. Nikauliza kuhusu chumba cha viatu. Akasema chumba cha nini tena, wakati Trent sasa anapiga vitu vya haraka ukumbi mkuu? Akasema alikwenda kukagua. Kaseti yangu ilikuwa inavipigia viatu.

Saa za jioni Trent alikuja na mkongojo. Busia alimpa kiti na kipande cha mkate mtamu wa karanga kabla sijapata nafasi ya kumfukuza. Alikula kwa muda mrefu. Kisha akasema kinanda kilipoingia alikuwa ofisini na barafu mguuni, na alilia, mpaka Bi Sorensen akadhani ni maumivu.

"Basi mwambie Dale ni nani aliyepiga," nilisema.

"Nimwambieje? Nitaonekana mjinga."

"Utaonekana mkweli."

"Bernie, mbele ya Dale ni kitu kimoja."

Aliomba nimwazime santuri za Kijerumani. Nilimwambia atoke. Alitoka polepole, kwa sababu ya mkongojo, jambo lililoharibu kabisa nguvu ya amri yangu.

Jumatano, tarehe 18 Oktoba

Nimejaribu kuandika hitimisho, na nimefuta mengi.

Kama walicheza kwa sababu wanaupenda muziki huu, basi haukuchokwa. Ulihamishwa, na aliyeuhamisha ana jina na namba ya simu. Kama walicheza kwa sababu walidhani ni kitu kingine, basi kilichochokwa ni jina letu na mabegi yetu ya dubu. Na kama kasi iliwapanda tu bila wao kujua, basi hawakuchagua chochote, na mlinzi yule aliimba kwa mazoea. Siwezi kuamua kati ya haya matatu, na sababu ninaijua: jaribio lote lilikuwa na kidole changu juu ya kitelezi. Shahidi hawezi kuwa ndiye anayesukuma. Ningetaka kuwauliza waliokuwepo, lakini wote wanasema waliipenda sana transi ya mbio.

Hata hivyo sitauita kwa jina hilo. Hata nikibaki peke yangu Wisconsin nzima, nitauita kwa jina lake.

Jambo jingine. Busia ananiambia Bwana Nowicki ameacha kupiga kodiani kwa sababu ya bega, na wacheza polka wa parokia hawana muziki Jumapili hii. Wanatafuta mtu mwenye santuri. Ukumbi ni mkubwa, hauna chumba cha pembeni, na unafunguliwa mchana. Nitaanza na polka ya kawaida kabisa. Kisha nitasogeza kitelezi kwa unywele mmoja, na mwingine. Wazee wale wamezoea mdundo huu maisha yao yote, hakuna atakayegundua.

Ili wanipokee vizuri nimemtungia kila mmoja bangili. Busia anasema sakafu imepigwa nta upya wiki hii na inang'aa kama kioo. Lastiki ya drooni bado ipo ya kutosha.