Jina Lililobeba Pumu

Jumatatu, 3 Machi
Kliniki. Mtoto wangu Nyokabi amejikuna mpaka mashavu ni kama nyanya imeanguka. Nesi Syokau akauliza nani ana pumu kwa familia. Nikasema shosho yake wa Kiganjo, mama ya mume wangu. Akasema basi, pumu, chafya za vumbi na ngozi kama hii ni za tumbo moja. Kitu kilekile cha kurithi, huyu kinamshika kifua, yule pua, mwingine ngozi. Nipake mafuta yasiyo na harufu, niache poda. Na nichunge kifua.

Kifua! Nimelia njia yote hadi nyumbani Ngoingwa. Halafu nikashtuka. Si tulimpa jina la shosho, vile desturi inasema msichana wa kwanza apewe la mama ya mume? Jina limekuja na mzigo!

Jumanne, 4 Machi
Kuanzia leo anaitwa Becky. Pumu ikija kuuliza Nyokabi, hapa hakuna. Mafuta nimepaka, poda nimetupa. Mume wangu Kagwe, ambaye humwita mtoto "mum" kwa heshima ya mamake, akauliza huyu Becky ni wa nani. Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Ijumaa, 7 Machi
Mashavu laini! Amelala bila kujikuna! Becky oyee! Mafuta pia yamesaidia, kidogo.

Jumamosi, 8 Machi
Woi. Shosho ametokea bila kupiga simu. Nikaita Becky aje asalimie. Mtoto hata hakugeuka. Shosho akaita Nyokabi mara moja tu, mtoto akatambaa mbio, kiatu kikabaki nyuma.

Shosho akauliza Becky ni mgeni? Ikabidi niseme yote. Nikajua leo narudishwa kwetu. Kisha akasema nyanya aliyemwachia yeye hilo jina alikuwa akipanda mlima na kuni mgongoni huku akiimba, kifua safi. Pumu yake yeye ilitoka kwa babake. Akacheka mpaka akatafuta inhela ya kufungua kifua. Akasema, "Wewe msichana, niachie jina langu. Pumu nitakaa nayo mwenyewe."

Nikalia tena. Akanipikia chai, kwangu!

Jumapili, 9 Machi
Nyokabi amerudi kuwa Nyokabi. Nimekubali, nilikosea kabisa. Jina halikuwa shida. Shida ni kuanza na upande wa Kagwe. Msichana wa pili ataitwa Beth, jina la mama yangu wa Ruiru. Huyo ni afya tupu! Ni macho tu humvimba mahindi yakitoa maua, na chafya kanisani, mpaka pasta humngoja amalize.