Kiti cha Mtalii

Kwa furaha kubwa, na kwa unyenyekevu uliopitishwa na kikao, Kamati ya Pamoja ya Kadi ya Usafiri wa Mtalii, Kasulu na Kibondo, inautangazia umma kwamba mtalii yeyote sasa anaweza kupanda basi, Noah na bodaboda kwa kadi moja tu. Kadi hiyo ni ya kijani na ina picha ya twiga. Twiga hatuna, lakini mchapaji alikuwa naye tayari.

Mimi ndiye Katibu wa Kamati. Naandika taarifa hii kwa sababu vijiweni kuna maneno kwamba mradi wetu ulikosa watalii. Si kweli. Tulimpata mmoja, na nilikuwepo.

Kadi za namna hii, tulivyosoma, hutolewa na majiji. Kasulu bado si jiji, lakini Kamati iliona si haki mtalii aadhibiwe kwa ajili ya hilo. Tulikaa vikao kumi na viwili. Kila kikao tulikifungua kwa sala, na mimi niliomba kwa dhati kwamba watalii wasije kabla hatujamaliza kanuni. Mungu alisikia.

Kanuni ya Nne inasema kila gari la abiria litatenga kiti cha mbele, kilichotandikwa kitambaa cheupe, kwa ajili ya mtalii. Mwenyeji haruhusiwi kukikalia hata kama mtalii hayupo, kwa sababu kutokuwepo kwake ni kwa muda.

Kanuni ya Saba ilitusumbua. Konda atamtambuaje mtalii? Mjumbe mmoja alipendekeza rangi ya ngozi, tukamkemea. Mwingine akapendekeza pasipoti, lakini makonda si maafisa uhamiaji. Mwisho mzee Haidari, mwenye duka la vitenge, akanyoosha mkono.

"Huku kwetu," alisema, "mtu hapandi gari kimya kama gunia. Anapiga makofi taratibu, anasema mwakeye, anauliza za nyumbani, za watoto, za shamba. Asiyesalimia ni mgeni wa huku. Kuna kipimo gani kingine?"

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Pasikali, alifurahi sana. Akakiita Kipimo Shirikishi cha Salamu, akasaini papo hapo, akaondoka bila kutuaga.

Kanuni ya Tisa ni yake mwenyewe. Mtalii akishatambuliwa, atashushwa kwanza atazame kivutio kilicho karibu kwa muda usiopungua saa moja. Asiharakishwe, na gari lisimsubiri. Kiti alichokiacha kitahesabika kimetumika, na mwenyeji anaweza kukikalia. Pale kituo cha Busunzu, njiani kati ya Kibondo na Kasulu, kivutio ni jiwe la msingi la Ukumbi wa Kupumzikia Watalii, lililowekwa na Mheshimiwa Pasikali. Ukumbi haujajengwa, jambo linalosaidia jiwe kuonekana vizuri.

Siku ninayoieleza, mimi na Mheshimiwa tulikuwa tunatoka Kibondo kwenda Kasulu. Mgeni Rasmi kutoka wizarani alikuwa anatungoja huko apokee idadi ya watalii. Idadi tulikuwa bado hatujaipata, lakini jedwali lilikuwa tayari. Karibu na Busunzu gari la Mheshimiwa likatoa moshi na kunyamaza. Tukatembea hadi kituoni, yeye mbele, mimi nyuma na mikoba miwili.

Kituoni palikuwa na Noah moja ya Kasulu, ya mwisho kabla ya mchana. Imejaa, isipokuwa kiti chenye kitambaa cheupe. Mlangoni alisimama Immakulata Habonimana, fundi cherehani wa pale Busunzu, miaka arobaini na minne, ameshika bahasha na kalamu mbili. Miaka miwili amesoma jioni, baada ya kufunga cherehani. Siku hiyo saa nane mchana alikuwa na mtihani Kasulu, ule wa kumruhusu mtu mzima kujiandikisha kidato cha nne. Ukiukosa, unangoja mwaka mzima.

Alikuwa ameshasalimia. Alipiga makofi, akauliza habari za kila aliyekuwa ndani, hata za mguu wa dereva. Konda, kijana anayeitwa Twalibu, alikuwa karibu kulia.

"Dada Imma, umesalimia mno! Ungenyamaza kidogo tu, kiti kingekuwa chako."

"Ninyamaze? Mama yako nimemshonea sare ya kwaya, halafu nikupite kama mti?"

"Basi tufanye hujasalimia. Nakuandika mtalii. Sema tu wewe ni mgeni, dada, maisha yaendelee."

Immakulata aliweka bahasha kifuani. "Twalibu, nimezaliwa kambini, mtoto wa wakimbizi. Miaka mingapi nimeitwa mgeni? Nimepanga foleni, nimepigwa picha, nimeulizwa jina la babu yangu mpaka nikaota linaulizwa. Cheti cha uraia ninacho, nimekifunika nailoni kisilowe. Leo nijiite mgeni kwa sababu ya kiti?"

"Na mtihani?"

"Mtihani Mungu anaujua. Mgeni sisemi."

Nilitaka kumweleza kwamba hali yake imezingatiwa kikamilifu, na ndiyo maana hana kiti. Sikupata nafasi. Mheshimiwa Pasikali alimpita begani, akafungua mlango wa mbele, akaketi juu ya kitambaa cheupe na kutoa simu. Hakusema neno. Ndani ya gari watu kumi wakamtazama.

Twalibu akachungulia dirishani. "Shikamoo, mzee."

"Twende."

"Mzee, hujaitikia."

"Nimesema twende! Nina mkutano."

Bi Zena, mama wa maandazi wa pale kituoni, akaguna nyuma ya beseni lake. "Huyo mtalii. Kitabu cha wageni nitamfungulia mimi."

Lazima nieleze kwamba Mheshimiwa amepita Busunzu mara nyingi sana, lakini vioo vya gari lake ni vyeusi.

"Wewe kijana," alisema, "unajua mimi ni nani?"

"Hatujui, mzee," alijibu Twalibu kwa adabu. "Ndiyo maana tuna kipimo." Akatoa kadi ya kijani yenye twiga, akamvika shingoni kwa mikono miwili, kama tulivyowafundisha kwenye semina.

"Katibu! Waambie!"

Watu wote wakanigeukia. Nilisali kimoyomoyo nipewe neno, na neno likaja, ingawa si lile nililoliomba.

"Mheshimiwa," nikasema, "Kanuni ya Saba ina saini yako. Na ya Tisa."

Dereva, ambaye mguu wake ulikuwa umeulizwa habari zake asubuhi ile, alizima injini mpaka taratibu zifuatwe. Mheshimiwa alishuka. Twalibu akakunja kitambaa cheupe, akakiweka mfukoni.

"Dada Imma, kiti kimetumika. Karibu."

Immakulata alipanda. Kabla mlango haujafungwa alimgeukia Mheshimiwa, akapiga makofi yale ya taratibu, akasema, "Mwakeye, mzee. Pole na safari." Mheshimiwa alimtazama kama mtu aliyepewa fomu ya lugha asiyoisoma. Gari likaondoka. Jioni nilipata habari kwamba Immakulata aliingia chumba cha mtihani zikiwa zimebaki dakika kumi kuanza.

Sisi tulibaki na kivutio. Mheshimiwa alisimama mbele ya jiwe, akasoma jina lake mara kadhaa. Mbuzi mmoja alikuwa amelala juu ya tarehe.

"Katibu, gari linalofuata ni saa ngapi?"

"Saa kumi, Mheshimiwa. Kama litakuwa na kiti cha mtalii."

"Na kama nikisalimia?"

"Hapo utakuwa mwenyeji, utapanga foleni."

Alifikiri. Kisha akamwendea Bi Zena, ambaye ndiye mtunza kitabu cha wageni, kwa kuwa ukumbi hakuna. Akapiga kofi moja.

"Moja?" alisema Bi Zena. "Unafukuza kuku? Rudia, baba. Halafu uniulize za watoto."

"Za watoto."

"Wangapi?"

"Nitajuaje?"

"Ndiyo maana mtu anauliza. Haya, wakati unajifunza, jaza hapa."

Alijaza jina. Alijaza tarehe. Penye nchi anayotoka kalamu ikasimama.

Simu yangu ikaita. Alikuwa Mgeni Rasmi, kutoka Kasulu, na sauti yake haikuwa na subira.

"Katibu, mko wapi? Watalii mmepata au hamkupata?"

"Tumepata, mheshimiwa. Mmoja."

"Mmoja si haba! Anatoka wapi?"

Nilitazama kitabu, nikamtazama Mwenyekiti wangu, kadi ya twiga kifuani, mikono yote miwili hewani akitafuta kofi la pili.

"Bado hajajaza," nikasema. "Wenyeji wanamsaidia."