Filimbi Yangu na Mwalimu wa Yoga

Jumatatu, 3 Juni
Darasa langu la mazoezi: wanafunzi wawili. Mwezi jana walikuwa kumi na mmoja! Wengine wote wamevuka barabara na kupanda ghorofani, juu ya duka la fundi cherehani, kwa yule mwanamke wa yoga. Eti alikuwa karani mjini, mgongo ukamharibikia kwa kukaa, yoga ikamponya, akaja huku milimani kufundisha wenzake. Huku! Mwenye akili huhama huku kutafuta tambarare. Hapa pana namna.

Jumanne, 4 Juni
Nimechungulia kutoka dirishani kwangu. Hana filimbi. Kila anayeingia huulizwa jambo mlangoni, kisha jibu linaandikwa kwenye daftari la kijani. Anakusanya siri za watu! Nimemwambia mke wangu. Akasema nilale kifudifudi anichue mgongo. (Mgongo unaniuma tangu mwaka jana. Anajua yeye peke yake. Mwalimu wa mazoezi haumwi mgongo.)

Jumatano, 5 Juni
Pigo! Shangazi amehama. Shangazi, dada wa baba yangu, aliyenilea! Nikamuuliza kulikoni. Akajibu kwamba kwangu goti lake linapigiwa filimbi, kule linaulizwa hali. Amebaki muuza mbao tu, naye mvua ikinyesha haji. Akiondoka huyo, ukumbi unarudi kuwa ghala la viazi na mimi nakuwa kichekesho cha mji. Nimeamua: najiingiza kama mwanafunzi, nachukua daftari, namuumbua hadharani.

Alhamisi, 6 Juni
Nimevaa kofia ya sufu na miwani ya mke wangu. Nimejikwaa ngazini mara tatu. Mlangoni mwalimu akauliza leo panauma wapi. Nikasema hapaumi popote, mimi mfuga nyuki, mgeni hapa. Akaandika. Aliandika nini, kama hapaumi? Tukainama na kunyooka polepole, bila hata kuhesabiwa. Shangazi akatangaza kwamba mfuga nyuki amevaa miwani ya mkwe wake. Mwishoni tukalazwa chali, tukafunikwa blanketi, tukaambiwa tupumue. Nilipozinduka, ukumbi mtupu! Nimeleweshwa, hakuna maelezo mengine. Lakini daftari lilikuwa dirishani. Nikalitia ndani ya sweta, mguu niponye.

Ijumaa, 7 Juni
Nimesoma lote. Shangazi: goti la kushoto, asilikunje. Fundi cherehani: shingo. Hakuna siri hata moja. Ujanja ulioje! Kisha ukurasa wa mwisho: "Jirani wa filimbi. Mgongo, chini, upande wa kulia. Amechoka sana. Akilala, asiamshwe."

Upande wa kulia ni kweli. Mke wangu ameapa hakusema neno. Nimekaa na lile daftari mapajani, nalipangusa jalada tena na tena, sijui kwa nini. Pengine vumbi.

Jumamosi, 8 Juni
Nimelirudisha. Nilidai nililiokota ngazini. Akanishukuru kwa kulitunza, akauliza kama mgongo umeamka salama. Umeamka salama! Hilo ndilo linalonitisha zaidi. Mtu anayejua mgongo wa mwenzake bila kuambiwa ni wa kuchunguzwa kwa karibu. Basi nimejiandikisha, kila siku, mwezi mzima. Kazi hii haitaki mtu mmoja, kwa hiyo nimemwomba muuza mbao tuingie wote. Amekubali haraka mno. Naye nitamchunguza.

Blanketi nitabeba la kwangu. La kwake ndilo lenye dawa.