Mvua ya Waya Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Hatimaye! Kundi letu la wapenzi wa muziki wa gemu limetangaza kwamba mwaka huu tunatoa albamu. Kila leveli ya gemu letu, Mlinzi wa Mnara, itapata rimiksi moja tu, yaani muziki wake uliopigwa upya, ile itakayopendwa na wanachama. Kura ni Jumapili. Leveli ya mvua, ngumu kuliko zote, imeletewa rimiksi mbili. Moja yangu. Nyingine ya Shemeji.

Shemeji! Mume wa Dada. Mwalimu wa muziki, mtu anayechagua soksi zifanane na shati. Mimi na Dada tumelelewa na gemu hili. Tulikaa sakafuni na pedi moja, tukipokezana kufa, na mvua ikianza Dada alikuwa akisema tusiende mbele kwanza, tusikilize. Tangu aolewe hajaniambia tusikilize kitu chochote.

Nimeisikia ya Shemeji. Uharibifu mtupu. Ule mdundo wetu, dum-dum, dudum, kauzika chini kabisa, halafu juu yake kabandika kifilimbi. Wala si yeye tu. Kila anayefanya rimiksi ya mvua hubandika kifilimbi hichohicho. Wanaigana kama kondoo. Mimi peke yangu ndiye ninayeheshimu asili.

Nimempigia Dada, maana ndiye mwenyekiti wa kundi, nikamwekea dau. Nikishinda, atakuja nyumbani kila Jumamosi tucheze kama zamani, na Shemeji abaki kwake. Nikishindwa, mashine ya gemu, ileile ya utotoni, ihamie kwao.  Dada akaniuliza kama nina uhakika. Akaniuliza tena, polepole. Nikamjibu mwenye uhakika haulizwi mara mbili.

Jumanne, 4 Machi

Kampeni imeanza. Nimeiweka rimiksi yangu kwenye kompyuta ya kazini, sauti juu, ili wateja wa fotokopi na picha za pasipoti waipende, wajiunge na kundi, wanipigie kura. Mpango mwepesi. Hauna tundu.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alisubiri picha zake huku akitikisa kichwa kwa adabu. Nikajua nimempata. Akauliza wimbo unaanza lini. Nikamwambia umeshaanza zamani, unakaribia kwisha. Akasema aa. Akaomba kwenda kusubiri nje.

Muuza magazeti wa mlango wa pili alijiunga na kundi, akatoka kabla sijamkaribisha. Kisha Bosi akaingia, akasimama, akatega sikio. Akazima mashine ya fotokopi. Akaifungua tumbo lote kutafuta karatasi iliyokwama. Dum-dum, dudum, ikaendelea. Akafungua na ya pili. Nilipomweleza ni muziki aliniangalia kwa huruma, na huruma ya Bosi ni mbaya kuliko matusi yake.

Nyumbani Mama naye, huku akikunja nguo, aliuliza kama mwimbaji amesafiri.

Watu hawana masikio!

Alhamisi, 6 Machi

Silali vizuri. Kundini kutwa ni Shemeji, Shemeji. Fundi wa friji, mwanachama mkongwe kuliko sote, ameandika kwamba kile kipande cha juu kimemtoa machozi. Kile kifilimbi! Kuhusu yangu aliandika tu kwamba ina subira.

Nimewaza hadi kichwa kikauma. Kama kifilimbi kile kiko kwenye rimiksi zote, basi Shemeji hakukitunga. Kakiiba! Na mwizi haingii kwenye albamu. Nimekusanya ushahidi, rimiksi baada ya rimiksi, sauti kwa sauti, hakuna hata moja iliyopishana. Wezi wote, na Shemeji ndiye mkuu wao, kwa sababu ana cheti.

Kesho atakiona kilichomtoa kanga manyoya.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui niandikeje.

Nilituma mashtaka yangu kundini saa ya chakula cha mchana, kwa sauti yangu mwenyewe, nzito, ya mahakamani. Nikataja wizi, nikataja aibu, nikataja heshima ya ndoa ya dada yangu. Nikaambatanisha ushahidi.  Kisha vikatuni vya kucheka vikaanza kushuka. Mmoja akaandika kwamba kundi halijawahi kupata mchekeshaji kama mimi.

Fundi wa friji ndiye aliyeshtuka kwamba sitanii. Akaniuliza faraghani hicho ninachokiita kifilimbi ni kipi. Nikakiimba. Akaandika: "Mdogo wangu, huo ndio wimbo wenyewe." Akauliza nilikuwa naunganishaje mashine kwenye televisheni. Nikamwambia vizuri tu, waya wa njano wa picha, waya mweupe wa sauti. Akauliza, na mwekundu?

Televisheni yetu ilikuwa na tundu moja la sauti. Mwekundu ulining'inia nyuma. Mama alikuwa anautundikia kitambaa cha kufutia vumbi.

Nusu ya muziki ilipita kwenye mweupe, nusu kwenye mwekundu. Sisi tukapata mdundo. Wimbo ukabaki kwenye kitambaa cha vumbi.

Nilibeba mashine hadi kazini, nikaiunganisha kwenye spika mbili za Bosi, nyaya zote. Mvua ikaanza. Na juu ya mdundo wangu, sauti ile ikapanda, ikasita, ikapanda tena. Ni nzuri. Hilo ndilo linaloniuma! Ingekuwa mbaya ningejifariji. Nilikaa juu ya boksi la karatasi nikalia kama mtoto, na mteja aliyetaka kurudufu kitambulisho akaenda kwingine.

Nikampigia Dada. Alijua? Alijua. Wiki ya kwanza ya ndoa Shemeji alimpigia wimbo wote kwenye kinanda, naye akabisha, akaapa si wenyewe. Baadaye alidhani nami nimeshajua. Kisha akaona sijui, akaogopa kunivunja moyo. Nikamuuliza kwa nini basi alikubali dau langu. Akanikumbusha kwamba aliniuliza mara mbili.

Jumapili, 9 Machi

Kura zimehesabiwa. Mimi nimepata moja, na najua ya nani, maana niliipiga mwenyewe.

Mama nilimwingiza kundini kwa kumbembeleza siku nzima. Kura yake kampigia Shemeji. Nilipomuuliza alisema yeye aliambiwa achague wimbo, kabonyeza penye wimbo. Damu yangu mwenyewe! Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Sijala. Mama ameniwekea chakula mlangoni na kugonga, kama ninaumwa. Naumwa.

Jumatatu, 10 Machi

Walikuja jioni wote wawili. Shemeji alikuwa amevaa soksi za buluu, shati la buluu. Dada alikaa kitandani kwangu akawa anaipapasa ile pedi yenye kitufe kilichobonyea, kitufe alichokibonyeza yeye kwa hasira siku tulipofia mlangoni mwa mnara.

Shemeji akasema, jamani, tuache utani, mashine ibaki hapahapa, dau lilikuwa la mchezo tu. Dada akaniangalia. Ilikuwa nifungue mdomo niseme asante. Neno moja! Mtoto wa darasa la kwanza angelisema.

Nikasema mwanamume ni neno lake. Nikasema sihitaji sadaka ya mtu. Nikasema beba.

Sijui ni nani aliyekuwa anaongea kinywani mwangu. Shemeji akaguna. Dada akainamisha kichwa.

Lakini sikumaliza hivyo. Nikaomba niifunge mwenyewe, isije ikavunjika njiani. Nikaingia nayo chumba cha pili, nikachukua mkasi wangu wa kukatia picha za pasipoti. Nikaukata waya mwekundu. Kwenye mzizi kabisa! Acha naye apate mdundo mtupu, atafute wimbo wake kwenye soksi. Nikaviringisha kila kitu kwenye taulo, nikawasindikiza hadi kwenye ngazi kwa tabasamu.

Kipande cha waya kiko chini ya mto wangu. Chumba kimekuwa kikubwa ghafla. Sikipendi kikiwa kikubwa.

Jumamosi, 15 Machi

Wiki nzima nimesubiri Shemeji alalamike. Asubuhi hii simu ikalia. Dada. Sauti yake ilikuwa ya kulia. Moyo ukanirukaruka kwa furaha, Mungu anisamehe.

Alisema jana ndipo walipopata nafasi ya kuiwasha. Walipofika kwenye mvua, wimbo haukuja. Dum-dum, dudum, basi. Shemeji akainuka kutafuta hitilafu. Dada akamshika mkono. Akamwambia asiguse kitu, asiende mbele kwanza, wasikilize.

Wakakaa sakafuni wakasikiliza.

Alisema hajawahi kusikia tena mvua ile tangu atoke nyumbani, ile yetu, ya utotoni, kwamba alidhani imepotea. Alimsimulia Shemeji habari zetu zote, televisheni, kitambaa cha vumbi, kufa kwa zamu. Shemeji akaenda kwenye kinanda, akapiga mdundo peke yake, polepole, bila wimbo. Leo asubuhi wameituma kundini. Ameiita Mvua ya Waya Mmoja. Fundi wa friji amelia tena. Wanachama wameomba kwa kauli moja iwe ya kufungia albamu.

Yaani rimiksi yangu! Ileile waliyoicheka! Tena bila jina langu!

Hapana, jina langu lipo. Dada kaandika chini yake: shukrani kwa mdogo wangu. Baadaye waliukuta waya umekatwa, naye anadhani niliukata makusudi, iwe zawadi yake. Kasema hakujua kwamba nina moyo mkubwa namna hiyo. Nikasema ndiyo, ilikuwa zawadi. Akacheka na kulia pamoja. Akasema kesho niende kwao mchana, tukae sakafuni sote watatu, tusikilize.

Tusikilize! Kalisema neno lenyewe.

Sote watatu.

Nitakwenda. Nimepiga pasi shati. Mama amefurahi, anasema nimekua. Mkasi nimeutia kwenye mfuko wa ndani, ambako hauonekani. Bado kuna waya mweupe.